Kichuguu cha Wifi

Sikumpenda wifi yangu, na sitajifanya hapa kwamba nilimpenda. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yetu Ruhembe, begi mgongoni, mkeka kwapani. Nikamwamkia, "Shikamoo wifi." Akaitikia "Marahaba" huku anaangalia juu. Juu! Umesafiri siku mbili kutoka kwenu Shinyanga, mwenyeji wako amesimama mlangoni mikono imejaa unga, wewe unaangalia juu. Nikageuka nione kuna nini huko. Kulikuwa na mwezi. Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, na mwezi umebaki juu ya miwa, mweupe, umelika upande mmoja.

"Nimesafiri nao usiku kucha," akasema. "Nikadhani tumeachana stendi ya Mikumi."

Binti yangu akachomoka nyuma yangu. Alikuwa na miaka sita. "Mama, mwezi! Mwezi upo mchana!" Akawa anarukaruka pale uani utadhani mwezi ule kauleta mgeni kwenye begi lake. Na mimi, badala ya kucheka, roho iliniuma. Miaka sita nimekaa na mwanangu chini ya anga lile lile, sikuwahi kumwonyesha mwezi wa mchana. Sikuwahi kuuona mwenyewe. Nikamwambia mgeni karibu ndani, chai inapoa. Chuki yangu ilianzia hapo, hata viatu hajavua.

Mimi ni mtu wa kazi. Babu yangu aliletwa Kilosa kukata mkonge, baba akazaliwa kambini, na mimi nilipozaliwa mkonge ulishakufa, tumebaki watu. Lugha ya babu siijui. Kiswahili ndicho nilichonyonya. Nikaolewa na Msukuma, dereva wa trekta la kuvuta miwa, tukajenga Ruhembe. Saa kumi alfajiri niko macho, nakanda unga. Saa kumi na mbili niko barabarani na beseni la chapati na ndoo ya maharage, nawauzia wakata miwa. Nikirudi nafua, nachota maji, napalilia. Sasa muda wa kutazama mawingu ningeutoa wapi?

Wifi alikuwa nao. Mumewe alikuwa amemrudisha kwao baada ya miaka mingi ya ndoa bila mtoto, na mume wangu, ambaye ni mdogo wake, akamwambia aje kwetu apumzike mwezi mmoja. Mwezi mmoja ukawa mitano. Sikatai, alisaidia kazi. Alichota maji, alichambua maharage. Lakini jamani, polepole! Anatembea hatua tatu anasimama, anainama, anatazama kitu chini, na mwanangu yuko nyuma yake anainama naye.

Nilikuwa nawakuta wamelala kifudifudi kwenye vumbi chini ya uchaga wa vyombo. Eti kuna mdudu amechimba kishimo, amejificha chini, anangoja sisimizi ateleze. Wifi anadondosha punje moja ya mchanga, mdudu anairusha nje kwa kichwa, mwanangu anacheka mpaka anakohoa. Nguo ameifua nani? Mimi. Dirishani kwangu nyigu alijenga kijumba cha udongo, nikachukua ufagio nikibomoe. Mtoto akanishika mkono: "Mama usivunje, shangazi amesema ndani kuna watoto wake, amewawekea viwavi wale wakiamka." Nikarudisha ufagio. Ndani ya nyumba yangu, nimekatazwa kufagia kwa ajili ya nyigu!

Siku waliyochoma shamba la jirani ndipo nilipopandisha hasira kweli. Kwetu miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, majani makavu yaishe, mkataji apate pa kupita. Moto ukiwashwa jioni masizi hushuka kijiji kizima, na mwenye nguo kambani anakimbia. Nilikuwa nakimbia. Mashuka, vitenge, fulana za baba watoto, vyote vipo nje. Hao wawili wamesimama katikati ya ua, wamekinga viganja kama watu wanaopokea sadaka.

"Usilidake," wifi anamwambia mtoto. "Liache litue lenyewe."

Likatua sizi jeusi, refu, kwenye kiganja cha mwanangu. Wifi akamwonyesha mistari ya jani, yote ipo, imenyooka, jani limeungua na mistari haikupotea hata mmoja. Kisha akamwonyesha mwewe waliokuwa wanazunguka kwenye moshi, wanashuka na kupanda, wanawadaka panzi waliokimbia moto.

"Wifi!" nilipiga kelele. "Nguo!"

"Ee, nakuja."

Hakuja. Kesho yake nilifua mashuka upya, nasonya kila nikisugua.

Mambo hayo ningeyameza. Lililonikaa kooni ni lingine. Jioni wifi na mume wangu walikuwa wanaongea Kisukuma, wanacheka, na mimi nimekaa pale napepea jiko, sijui wananicheka mimi au wanacheka ng'ombe wa kwao. Nilizoea. Halafu siku moja mume wangu akasema jambo kwa Kisukuma, na aliyemjibu ni binti yangu. Kwa Kisukuma. Watatu wakacheka. Nikaondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya jiko, machozi yananitoka kwa hasira.

Nyuma ya jiko ndipo kilipokuwa kichuguu. Kilinifika kifuani, kigumu kama tofali la kuchoma. Miaka yote nilikitaka kwa udongo wake, hakuna udongo mzuri wa kusiriba kama wa kichuguu, lakini kila nikipanga kukichimba kazi nyingine inaingia. Wiki ya kwanza tu wifi alikizunguka, akaweka sikio, akasema, "Hawa ni wengi." Toka siku hiyo kikawa chake.

Kwao, akamwambia mtoto, kichuguu kina mwenyewe, na mvua za kwanza zikikaribia mwenyewe hangoji. Anakifunika kwa matawi na blanketi, anaacha tundu moja tu, mbele ya tundu anafukia chungu. Halafu watu wanakaa pembeni wanagonga vijiti juu ya ubao, taratibu, vingi, bila kupumzika, mpaka mchwa wadhani mvua inanyesha. Basi kumbikumbi wanatoka wenyewe, na mabawa yao, wanaingia chunguni.

"Tunawapigia mvua," akasema.

"Mnawadanganya," nikasema.

"Tunawaomba, wifi."

Mh! Sisi Ruhembe tunawaokota kumbikumbi chini ya taa mvua ikishanyesha, hatuna haja ya kuwapigia ngoma wadudu. Lakini kila siku alasiri ilikuwa mazoezi. Beseni langu la chapati limefudikizwa, vijiti vinne, tiki tiki tiki tiki, mwanangu amefumba macho. "Bado, shangazi?" "Bado. Hiyo ni mvua ya mawe. Punguza." Mtoto hakuwa anaongea jambo lingine. Mvua ikija. Mvua ikija.

Kabla ya mvua ikaja simu. Mama mkwe alipiga jioni, mume wangu akaweka spika, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kazi, za mtoto, za miwa. Kisha akasema, "Mwanangu, nina ombi. Huyu wifi yako anarudi nyumbani mwezi ujao. Hana mtu. Mpeni huyo binti amlee. Januari anaanza darasa la kwanza, ataanzia huku. Nyie bado vijana, Mungu atawapa wengine."

Atatupa wengine! Baada ya binti yangu mimba mbili ziliharibika, na mama mkwe anajua, maana ya pili alikuja yeye mwenyewe kunikanda. Nilikuwa na mtoto mmoja. Mmoja tu. Nikamtazama mume wangu nione atasema nini, na yeye akatazama simu. Wifi alikuwa amekaa kizingitini, amenipa mgongo. Hakusema "hapana mama." Hilo sitamsamehe.

Sisemi ni jambo geni. Kwao, hata kwetu Kilosa, shangazi asiye na mtoto hupewa mtoto wa kaka yake, na watu wanaona ni wema. Nilishawahi kusifia wema huo kwenye nyumba za watu.

"Simtoi," nikamwambia mume wangu tulipobaki wawili.

"Ni dada yangu."

"Na huyu ni nani wako? Ni mbuzi?"

Mume wangu si mtu mbaya, ila mbele ya mama yake na dada yake anakuwa maji. Mwisho akasema mtoto aulizwe mwenyewe. Jumapili mama atapiga tena, mtoto aseme mbele ya wote anataka kukaa wapi, na litakalotoka kinywani mwake ndilo. Nikamwambia mtoto wa miaka sita anajua nini? Akasema basi wakiamua wakubwa, mimi najua wataamuaje. Nikakubali. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa nzima nilihesabu nina nini cha kumpa mwanangu ambacho wifi hana. Chapati. Na nini tena? Nilikuwa na sauti ya kumwita akiwa mbali, na fimbo ya mpera juu ya kabati, ambayo sikuitumia sana lakini anajua ilipo. Wifi alikuwa na mwezi, nyigu, masizi, na zaidi ya vyote alikuwa na hiyo mvua ya vijiti. Nikajiambia, kama kichuguu hakipo, hiyo ahadi ni hewa, na mtoto akiona shangazi yake ni mtu wa maneno matupu, moyo wake utarudi kwangu. Ndivyo nilivyowaza, na nilipowaza hivyo nikapata nguvu.

Jumamosi walienda Mikumi sokoni, wao wawili. Nikainjika maji kwenye sufuria kubwa. Nikachukua sururu na jembe.

Ganda la nje lilinitesa, sururu inadunda. Nilipolivunja, hewa ya moto ikanijia usoni, moto wa mwili wa mtu mwenye homa. Ndani kulikuwa na vyumba. Sikujua. Nimeishi na kichuguu kile miaka minane na nilidhani ni udongo tu na wadudu. Kulikuwa na njia laini zilizopakwa vizuri kuliko ukuta wangu, zinapanda, zinashuka, zinakutana. Kulikuwa na vitu vyepesi vyenye matundutundu, rangi ya kahawia, vimejaa punje nyeupe ndogo ndogo, bustani ya uyoga, nikaja kuambiwa baadaye. Mchwa askari wakanipanda mikononi wakaniuma mpaka damu, na mimi ninachimba tu.

Chini kabisa nilikuta donge gumu limefungwa pande zote. Nikalipasua kwa jembe. Ndani alikuwa malkia, mnene kama kidole gumba changu, mweupe, kichwa kidogo, hawezi kwenda popote. Wale wadogo hawakukimbia. Nyumba imebomoka, jua limewaingia, na wao wamemzunguka wanamlamba, wengine wanabeba mayai wanatafuta pa kuyaweka. Nilichuchumaa pale. Naapa, neno la kwanza lililonifika mdomoni lilikuwa jina la mwanangu. Nilitaka kumwita aje aone.

Halafu nikaona pembeni, kwenye vyumba vya juu nilivyokuwa nimevikata nusu, kumbikumbi. Walishaota mabawa. Wamejipanga, wamebanana, mabawa yamelala mgongoni, mamia kwa mamia, wote wameelekea upande wa nje. Walikuwa wanangoja mvua. Wifi hakuwa mwongo. Kila alichomwambia mwanangu kilikuwa mle ndani, tayari.

Ningeweza kuacha. Kuna watu watasema nilishikwa na hasira sikujua nifanyalo. Nilijua. Niliinuka nikaenda jikoni, nikafunga vitenge mikononi, nikabeba sufuria, nikamwaga maji yanayotokota, yote, nikianza na wale wenye mabawa.

Kuku wakaja mbio. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko na mfuko wa nyanya. Sijui alikuwa amesimama hapo toka lini. Hakulia. Alimtazama jogoo akimdonoa malkia, kisha akanitazama mikono.

Wifi akafika nyuma yake. Akaangalia muda mrefu, safari hii chini.

"Nilitaka udongo," nikasema. "Wa kusiriba."

"Ungeniambia wifi, ningekuchimbia mimi ule wa pembeni," akasema. Kisha akasema taratibu, si kwangu, "Walikuwa wamebakiza mvua moja."

Akamshika mtoto mkono wakaingia ndani. Nami nikakusanya udongo ule kwenye karai, maana ningefanya nini tena?

Jumapili tulitoka kanisani, tukala, simu ikawekwa juu ya kigoda. Mama mkwe akasalimia kila mtu. Mume wangu akamwita mtoto, akamsimamisha katikati yetu, akamwuliza vizuri kabisa, bila kumtisha: "Shangazi anarudi nyumbani kwa bibi. Unataka kwenda kukaa na shangazi au unataka kukaa hapa na mama?"

Mtoto akamtazama shangazi yake. Wifi alimtabasamia. Akanitazama mimi. Mikono yangu ilikuwa imevimba kwa kuumwa na askari, nilikuwa nimeilaza mapajani.

"Na mama," akasema.

"Sema kwa sauti bibi asikie," nikamwambia.

"Nataka kukaa na mama."

Moyoni nilipiga vigelegele. Mama mkwe akasema "Haya," mara mbili, simu ikakatika. Wifi akaenda chumbani kukunja mkeka wake, na mimi nilienda kupika wali siku isiyo sikukuu, nikaweka na nazi. Nilifurahi, sifichi. Nilimtazama mume wangu kwa jicho la kumwambia, umeona?

Wifi hakungoja mwezi ujao, aliondoka Jumanne. Alikuwa anakwenda Kilosa kupanda treni ya umeme mpaka Dodoma, kisha basi. Barabarani alimshika mtoto kichwa kwa mikono miwili, akamwambia jambo kwa Kisukuma, mtoto akaitikia kwa kichwa. Kisha akaja kwangu. "Wifi, kama nilikukosea, unisamehe." Nikamjibu, "Safari njema." Hilo tu ndilo nililompa. Mtoto alisema kwaheri shangazi, akapunga mkono, hakulia, nikaona, ee, kumbe hata hakumzoea kihivyo.

Akawa mtoto mzuri ajabu. Hachafui nguo. Hainami kwenye vumbi. Nikimwita mara moja anakuja mbio. Majirani wanasema binti yako katulia siku hizi, na mimi nashukuru. Mvua ya kwanza iliponyesha, saa moja jioni kumbikumbi wa vichuguu vya watu walijaa kwenye taa ya mlangoni mpaka ukuta hauonekani. Nikamwita kwa furaha kabisa: "Njoo! Njoo uone!" Akaja na beseni la maji. Akaanza kuokota, mmoja mmoja, kwa uangalifu.

"Wazuri, sio?"

"Ndiyo, mama."

"Tazama mabawa."

Akatazama mabawa. Kisha akanitazama mimi, aone kama ametazama vya kutosha. Niliwakaanga na chumvi, akala nilichompimia, akasema asante mama. Nikajiambia amechoka.

Januari, jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya shule, nilimkalisha kati ya magoti yangu nimnyoe nywele, maana shule hawataki nywele. Nikampaka maji, nikatoa wembe mpya. Watoto wengine huwa wanapiga kelele, unawashika kwa nguvu. Yeye alikaa kimya, shingo imekakamaa, hapepesi. Sare yake ilikuwa inaning'inia mlangoni, nimeipiga pasi. Nilijisikia vizuri. Nikamwuliza, kwa sababu nilikuwa na hakika ya jibu na nilitaka kulisikia tena:

"Siku ile baba alipokuuliza, kwa nini ulinichagua mimi?"

Akatazama sare mlangoni.

"Sema tu."

"Utakasirika?"

"Aka! Nikasirikie nini? Sema."

"Nikimkatalia shangazi," akasema, "yeye hakasiriki."

Nilikuwa nimebakiza upande wa kulia. Nikamwambia ainamishe kichwa. Akainamisha upesi, nikanyoa mpaka mwisho.